Kichanja Chako Ukitengeneze Mwenyewe: Useremala wa Kuanzia kwa Mkulima

Leo sina habari za mbolea wala za mbegu. Leo nataka tuzungumze juu ya msumeno, nyundo na patasi. Najua wapo watakaosema, "Ala! Bwana shamba naye amehama kazi, siku hizi ni seremala." Sikuhama, ndugu zangu. Ninaifuata kahawa yenu mpaka pale inapoharibikia.

Hebu tutazame safari ya kahawa. Mkulima wa Umatengo hupogoa, hupalilia, na hupambana na kutu ya majani na chulebuni. Msimu ukifika huchuma tunda jekundu moja moja, humenya, huvundika, huosha kwa maji safi. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Halafu, katika wiki mbili za mwisho, kahawa hiyo hiyo humwagwa chini juu ya turubai kuukuu. Kuku wanapita, mbuzi wanapita, watoto wanapita. Usiku unyevu wa ardhi hupanda, asubuhi ukungu wa milimani haujaondoka. Kahawa ikishika ukungu hupata harufu, na harufu hiyo haiondoki. Muonjaji huko mnadani huigundua kwa kijiko kimoja tu, na bei ikashuka.

Kule ufukweni nako ni hivyo hivyo. Usipa wanavuliwa kwa taabu ya usiku kucha, kisha wanaanikwa juu ya mchanga. Mnunuzi akiwatafuna, meno yanasaga mchanga. Je, atarudi kununua tena?

Dawa ya mambo haya mawili ni moja, nayo ni kichanja. Wengi mnajua hivyo. Lakini mkulima hungoja fundi, na fundi mwezi wa Juni anaitwa na kijiji kizima. Au mkulima hufunga fito kwa kamba, kichanja kikayumba, na kabla msimu haujaisha kimelala chini na kahawa yake. Basi leo nataka kuwaonyesha kwamba mtu ambaye hajawahi kushika msumeno anaweza kutengeneza kichanja kitakachosimama miaka kadhaa.

Jicho la ufundi mnalo tayari

Usiseme, "Mimi useremala siujui kabisa." Mmatengo anapotengeneza ngoro, hulaza nyasi kwanza kwa mistari inayokatana ikawa miraba, ndipo udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi zile. Ngoro zilizopangwa vizuri zinakinga maji mlimani. Zilizopinda zinapitisha maji na udongo ukaondoka. Na wewe ndugu wa ziwani, wazee wako walichonga mtumbwi kwa shoka na tezo. Mtumbwi ulioegemea upande mmoja huwezi kuvulia. Kwa hiyo kunyoosha mstari na kusawazisha pande mbili si mambo mageni kwenu. Kilichobaki ni kuzoeza mkono.

Vifaa: vichache lakini vikali

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Usingoje mpaka uwe na sanduku zima la vifaa. Kwa kazi ya leo unahitaji msumeno wa mkono, nyundo yenye kucha ya kung'olea misumari, patasi moja ya inchi moja, futi ya kupimia, penseli na kamba. Ongeza tupa ya pembe tatu kwa kunolea msumeno, na kinoo kwa kunolea patasi. Randa na keekee ni vifaa vizuri, lakini vinaweza kusubiri. Mkiwa kikundi cha watu watano, kila mmoja akanunua kifaa kimoja au viwili, tayari mna karakana.

Jambo moja ni la lazima: makali. Mtu anayeanza hudhani kwamba kifaa butu ni salama kwa sababu hakikati vizuri. Sivyo. Patasi butu inataka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo inayoifanya iteleze ikamchoma mtu mkono. Ukinoa patasi, laza upande wake wenye mteremko juu ya kinoo chenye maji, usogeze mbele na nyuma bila kuyumba. Kisha geuza upande ule mwingine, ulaze bapa kabisa, usugue kidogo kuondoa ukingo uliojikunja. Ijaribu kwenye ncha ya kipande cha ubao laini. Ikiwa inakata na kuacha sehemu laini, imenoleka. Ikiwa inamomonyoa, rudi kwenye kinoo. Na siku zote mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, kamwe usishike ubao kwa mbele.

Mbao: mbichi ni hasara

Sasa tuje kwenye mbao. Hapa ndipo wanaoanza wanapopoteza fedha. Ubao uliopasuliwa jana umejaa maji. Ukiupigilia leo, utakauka ukiwa umeshapigiliwa, na ubao unapokauka husinyaa upande wa upana wake, lakini urefu wake haubadiliki sana. Matokeo yake ubao hupinda, hupasuka kwenye misumari, na viungo hulegea. Watu husema fundi ni mbaya, kumbe tatizo ni ubao mbichi.

Mbao za paina zinafaa sana kwa anayeanza, kwa sababu ni laini kwa msumeno na kwa msumari. Grevilea uliyoipanda kama kivuli cha kahawa nayo inafaa. Mkaratusi ni mzuri kwa nguzo, lakini mbao zake hupenda kupasuka na kujisokota. Miti ya asili kama mninga tusiikimbilie kwa kazi hii. Kwanza inahitaji kibali kabla ya kukatwa, na pili ni uharibifu kuutumia mninga kwa kichanja wakati paina ingetosha.

Ukikaushe namna gani? Tafuta mahali penye kivuli na upepo, chini ya paa. Weka mawe au magogo chini ili mbao zisiguse ardhi. Panga mbao safu kwa safu, na kati ya safu na safu weka fito ndogo zenye unene mmoja, kila baada ya futi mbili, fito ya juu ikae sawasawa na ya chini yake. Upepo upite kila upande. Juu kabisa weka mawe mazito ili mbao zisijikunje. Usizianike juani, jua kali hukausha nje upesi kuliko ndani, na ubao ukapasuka.

Utajuaje kwamba zimekauka? Usikisie. Chukua kipande kimoja, ukipime kwenye mizani ile ile unayopimia mahindi au kahawa, uandike uzito wake juu ya kipande chenyewe. Kipime tena kila wiki. Kikiendelea kupungua, maji bado yapo. Uzito ukisimama kwa wiki mbili au tatu, mbao ziko tayari. Mbao za paina za inchi moja, wakati wa kiangazi, kwa kawaida zinataka miezi miwili hadi mitatu. Za inchi mbili zinataka zaidi. Milimani kwenye ukungu zinachelewa, kule ziwani kwenye joto zinawahi.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, mbao za kichanja cha msimu ujao nunua au pasua kiangazi hiki, uzipange, uzisahau mpaka mvua zitakapoisha. Haraka haraka haina baraka. Kama umechelewa, basi tafuta mbao zilizokwisha kukauka kwa muuzaji, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Zoezi kabla ya kazi

Usianze na mbao zako nzuri. Chukua vipande vya kutupwa, chora mistari kumi, ukate mikato kumi. Mstari uzungushe pande zote nne za kipande. Weka kipande mahali imara, ukikanyage kwa goti au ukifunge kwa kamba. Anza kwa kuvuta msumeno nyuma taratibu mara mbili tatu ili upate njia, kisha ndipo usukume kwa urefu wake wote. Usiukandamize, msumeno uliotiwa makali hukata kwa uzito wake wenyewe. Macho yafuate mstari wa juu na wa mbele kwa pamoja. Ukiona umeanza kupotoka, simama, geuza kipande, uanze upande wa pili.

Kumbuka pia kwamba msumeno nao hula ubao. Ukikata ubao wa futi 12 mara mbili, hupati vipande vitatu vya futi nne kamili. Sehemu kidogo imegeuka unga. Kwa hiyo pima kila kipande upya baada ya kukata kile kilichotangulia, na kata upande wa nje wa mstari, yaani upande wa kile kinachobaki.

Haya, sasa kichanja

Kichanja chetu kina urefu wa futi 12 na upana wa futi nne. Futi 12 ni kwa sababu ndio urefu wa mbao nyingi sokoni, basi hatupotezi kitu. Futi nne ni kwa sababu mtu akisimama upande mmoja mkono unafika katikati. Lakini kabla hujakata chochote, pima upana wa wavu utakaotandika. Kama wavu ni wa futi tatu, kichanja nacho kiwe cha futi tatu.

Mahitaji ni haya: nguzo nane za mkaratusi zenye unene wa inchi nne hivi na urefu wa futi tano, mbao tano za inchi mbili kwa tatu, mbao tatu za inchi moja kwa nne, misumari ya inchi nne na ya inchi mbili na nusu, na wavu wenyewe.

Kwanza, mraba. Chagua mahali penye jua na upepo, mbali na moshi wa jiko na vumbi la barabara. Kwenye mteremko, urefu wa kichanja ufuate kontua. Tandaza kamba mbili zinazokutana pembeni. Kutoka kwenye pembe pima futi tatu kwenye kamba moja, weka alama. Pima futi nne kwenye kamba ya pili, weka alama. Sasa pima kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni futi tano kamili, pembe yako imenyooka. Ikizidi au ikipungua, sogeza kamba mpaka ipatikane tano. Ukimaliza pembe zote nne, pima kutoka pembe hii hadi ile ya mkabala, kisha zile mbili nyingine. Vipimo viwili vikilingana, una mraba wa kweli.

Pili, nguzo. Chimba mashimo nane, manne kila upande, kina futi moja na nusu. Simamisha nguzo, jaza mawe na udongo, shindilia. Usikate vichwa vyake bado. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, kama waashi wanavyofanya. Maji ya ncha mbili husimama kimo kimoja, hata kama ardhi imeteremka. Weka alama ya kimo hicho kwenye nguzo zote, ndipo ukate. Kimo kiwe wapi? Hapa nisikilizeni, akina baba. Anayegeuza kahawa mara nyingi kwa siku ni mama. Mwiteni, asimame pale, kimo kipimwe kwa kiuno chake. Kwa wengi kitakuwa futi tatu hivi. Na kama mama mwenyewe anataka kushika msumeno, mpeni. Makali hayaulizi kama mkono ni wa mume au wa mke.

Tatu, mapengo. Juu ya kila nguzo, upande wa nje, kata pengo. Pima inchi tatu kutoka juu kuja chini, kata kwa msumeno kuingia ndani inchi mbili, yaani nusu ya nguzo. Kisha weka patasi juu ya kichwa cha nguzo, gonga, kipande kibanduke kidogo kidogo mpaka ufike kwenye mkato. Pengo likae kama ngazi moja.

Kwa nini pengo? Kwa sababu hili ndilo somo kubwa la leo, ndugu wakulima: mzigo ukae juu ya mti, usikae juu ya msumari. Kahawa mbichi iliyojaa maji ni nzito. Ubao ulioshikwa na misumari mitupu utateremka. Ubao uliokaa ndani ya pengo hauendi popote. Msumari kazi yake ni kuuzuia usitoke tu.

Nne, mbao. Kutoka mbao mbili za inchi mbili kwa tatu pata vipande vinne vya kupita upana, vinavyotoka nguzo hadi nguzo. Vitakavyobaki ni vya kutia mshazari miguuni kuzuia kuyumba. Laza kila kipande kimesimama kwa ubavu ndani ya mapengo, ukipigilie misumari miwili ya inchi nne. Mbao tatu zilizobaki zipite kwa urefu juu yake: moja kila ukingo na moja katikati. Juu ya hizo tandika wavu, uvute uwe mkakamavu. Kama wavu ni mwepesi, tanguliza mianzi iliyopasuliwa chini yake. Mwisho zungusha mbao za inchi moja kwa nne ukingoni, kahawa isimwagike.

Tano, misumari. Ubao mkavu hupasuka ukipigilia karibu na ncha. Ifanye ncha ya msumari iwe butu kidogo kwa kuigonga na nyundo; hapo itasaga nyuzi za ubao badala ya kuzitenganisha. Misumari miwili isikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Mmoja uwe juu, mwingine chini kidogo.

Mambo ya kuepuka

Wengine hupaka kichanja kizima oili chafu kufukuza mchwa. Msifanye hivyo. Kahawa inanyonya harufu kama kitambaa, na usipa ni chakula. Mafuta ya taa, dizeli na rangi zikae mbali. Kuhusu mchwa, shindilieni mawe kuzunguka nguzo, fyekeni majani, na mkague miguu kila baada ya wiki chache. Nguzo moja ikiliwa, badilisheni hiyo moja. Ndiyo faida ya kuunganisha vizuri.

Ndugu zangu wa ziwani, ninyi kichanja ni kile kile, ila wavu wa chuma hushika kutu upesi kwa sababu ya maji na chumvi ya samaki. Mianzi na nyavu kuukuu zisizo na mafuta zinafaa. Na yeyote mwenye kahawa na samaki pia, awe na vichanja viwili. Kahawa yenye harufu ya usipa haina mnunuzi.

Baada ya kichanja, tandaza kahawa kwa unene usiozidi vidole viwili, igeuze mara kwa mara, ifunike jua la mchana likiwa kali sana na kila jioni. Ikaushe mpaka unyevu ufike asilimia 11 au 12. Kama Chama chenu cha Msingi kina kipimo cha unyevu, kitumieni kabla ya kufunga magunia.

Ukimaliza kichanja cha kwanza

Mtu aliyetengeneza kichanja ameshajifunza kupima, kukata, kupata mraba, kuchonga pengo na kupigilia. Kwa elimu hiyo hiyo atatengeneza benchi, sanduku la kubebea nyanya, mlango wa banda la mbuzi, na baadaye mzinga wa nyuki. Kijana atakayeipenda kazi hii zaidi anaweza kuendelea na mafunzo katika chuo cha VETA kule Songea. Peramiho nako, ambako wamisionari Wabenediktini walifika mwaka 1898, ufundi wa mbao una historia ndefu. Na msiwasahau wazee wa ziwani wanaojua tezo. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012 tuna wilaya mbili, lakini ujuzi hauna mpaka. Mpeni mzee heshima yake, mkae naye chini ya mwembe, awafundishe wakati bado yupo.

Kabla sijaagana nanyi, nirudie kwa ufupi:

1. Nunua vifaa vichache, uvinoe.
2. Kausha mbao kivulini, upime uzito mpaka usimame.
3. Jizoeze kwenye vipande vya kutupwa.
4. Tumia tatu, nne na tano kupata pembe.
5. Mzigo ukae juu ya mti, si juu ya msumari.
6. Kimo kipimwe kwa anayefanya kazi.
7. Oili chafu isikaribie kahawa wala samaki.

Ndugu wakulima, kazi ya mwaka mzima isiharibike kwa kukosa nguzo nane na mbao nane. Kiangazi kinatosha kukausha mbao, na siku mbili tatu zinatosha kusimamisha kichanja. Mwenye swali amwendee bwana shamba au bibi shamba wa kata yake. Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.